Kipindi Ambacho Tusekile Hakukiona

Asifiwe alipopiga simu kusema kwamba Ezron Kasunga amefariki, mama yake alikuwa anamenya ndizi za mchana, na hakuacha kumenya. Simu aliibana kati ya sikio na bega, kisu kikaendelea na kazi yake.

"Mama, umenisikia? Yule mtangazaji wenu. Yule wa Tucheze Kwetu. Wanamtangaza tangu asubuhi."

"Nimesikia. Mungu ampumzishe."

"Basi?"

"Ulitaka nifanyeje, mwanangu? Nipige yowe kwenye simu?"

Asifiwe anauza kwenye duka la dawa kule Makandana, na machozi yake yako karibu. Akifa kuku wa jirani yeye atatafuta kitambaa. Akaaga. Tusekile akaosha ndizi, akazipanga sufuriani, akaweka na nyama kidogo iliyobaki jana, akafunika. Kisha akasimama pale jikoni akijipekua moyoni aone kama kuna chochote. Hakukuta kitu. Wala hakushangaa, maana ni miaka mingi anajipekua na hakuti kitu. Kanisani kwao Lufingo wanamwita mama mvumilivu, na hilo ndilo jina la heshima ambalo watu humpa mtu aliyekufa ganzi.

Lakini Ezron Kasunga si mtu wa kufa hivi hivi, akatajwa kati ya bei ya saruji na matokeo ya mpira. Walio vijana leo hawajui. Wao wakisikia ngoma wanachomoa simu, wanarekodi, wanarusha, na jioni Tukuyu nzima imeshaona. Wakati ule televisheni nchini ilikuwa bado changa, na muziki wake ulikuwa wa watu wa mbali: vijana waliovaa miwani myeusi usiku, wameegemea magari yasiyokuwa yao. Kasunga alipokwenda kuomba kazi ya kuongoza kipindi cha muziki, wakamwambia hapana. Wakamwambia sauti unayo, lakini wewe mweusi mno, kwenye kamera huonekani, yanaonekana meno. Akawajibu kwamba basi kinachopungua ni taa. Alirudi tena na tena mpaka wakachoka, wakampa gari bovu, kamera moja na saa ya Jumapili mchana, saa ambayo walidhani watu wamelala.

Watu hawakulala. Kasunga aliipeleka kamera vijijini, kitu ambacho hakuna mtangazaji wa muziki aliyekuwa amekifikiria, au pengine walifikiria wakaogopa matope. Alivaa tai na mabuti ya mvua. Akifika mahali hapigi picha kwanza. Anakaa, anakula alichopewa, anauliza kila mpiga ngoma jina lake na aliyemfundisha. Majina yale aliyasema yote hewani, hata yakiwa marefu, hata wakubwa wake wakimnung'unikia kwamba anakula muda. Mtu wa Kisiba aliyezoea kuitwa "hawa wenzetu wa mikoani" akasikia jina la babu yake likitamkwa Dar es Salaam, tena limetamkwa vizuri. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Kasunga, na waliomfuata wote, wanaojua na wasiojua, wanakula kwenye sahani aliyoiosha yeye.

Lufingo alifika mwaka wa tisini na nane. Tusekile alikuwa mwali wa juzi tu, ameolewa na Enosi, ana mtoto mmoja, msichana aitwaye Ikupa aliyekuwa anaanza kutamka maneno. Alikuwa mwimbishaji wa ngoma ya akina mama wachuma chai. Mwimbishaji ndiye anayeanzisha wimbo, wengine wanapokea; akikosea yeye wamekosea wote. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu, ikabidi kamera isubiri. Kasunga akakaa kwenye kigoda kati ya migomba na ua, akanywa maziwa ya mgando, akamuuliza Tusekile jina lake na aliyemfundisha kuimba.

"Bibi yangu mzaa mama," alisema Tusekile, na akamtaja.

"Yuko hai?"

"Amefariki."

"Basi leo tutamtaja," alisema Kasunga, na kweli akamtaja.

Ukungu ulipopanda Tusekile alimfungua Ikupa mgongoni, akamwacha kwa wanawake waliokaa uani, akaingia uwanjani. Waliimba mpaka kanga zikalowa jasho. Walipomaliza, wakaenda nyuma ya nyumba kunywa uji, na Kasunga akabaki mbele na mpigapicha wake kufunga kipindi. Tusekile hakuona alivyofunga. Aliporudi alimkuta Ikupa ameshika kipande cha muwa, gari linawashwa, watu wanalisukuma.

Sasa hapa ndipo yalipo mambo ya Wanyakyusa, na msomaji asiye wa huku avumilie kidogo. Kwetu mke wa mtu hakai chumba kimoja na baba mkwe. Hamtaji jina, hampiti mbele, wakikutana njiani yeye anajitenga migombani mpaka mzee apite. Ukristo umekuja na umelegeza mengi, lakini hilo kwa wazee wa wakati ule halikuguswa. Na televisheni ya kijiji, ile moja tu, yenye chogo na betri la gari, ilikuwa ni mali ya Mzee Jotham, mstaafu wa kiwanda cha chai. Mzee Jotham alikuwa baba mzazi wa Enosi.

Yaani kipindi cha kwanza na cha mwisho ambamo Tusekile angejiona kilikuwa kwenye chumba ambacho Tusekile hawezi kuingia.

Wazee walikaa siku nzima juu ya jambo hilo, na kilichowasumbua hakikuwa Tusekile ataona wapi. Kilichowasumbua ni mzee: je, baba mkwe anaruhusiwa kumtazama mkwewe akicheza kwenye kioo? Mmoja alisema kioo si mtu. Mwingine alisema kama si mtu mbona ana jina. Mwishowe wakaamua kwamba ngoma ya akina mama ikianza, Mzee Jotham ageuze kiti aangalie ukutani. Hakuna aliyethubutu kusema mzee atoke nje na mkwe aingie, maana utamtoaje mwenye nyumba kwenye nyumba yake, na betri amelichaji yeye?

Jumapili ikafika. Sebule ikajaa, madirisha yakajaa, watoto wakapakatana. Tusekile alikuwa kwenye jiko la nje, nyuma ya nyumba, anachemsha maziwa ya wageni waliokwenda kumtazama. Alisikia ngoma zikianza. Alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka ukutani, nyembamba kuliko alivyoijua, na watu wakapiga vigelegele. Katikati ya vigelegele sauti ya Mzee Jotham ikauliza kwa adabu, uso wake ukiwa ukutani, "Bado yupo?" Wakamjibu bado. Baadaye akauliza tena. Mzee wa watu alinunua televisheni kwa kiinua mgongo chake, na siku kijiji chake kilipotokea alitazama rangi ya ukuta.

Usiku ule Enosi alisema sentensi moja. "Mmetoka vizuri," alisema. "Hata Ikupa ameonekana."

"Ameonekana anafanya nini?"

"Ameonekana tu," alisema Enosi, ambaye maneno kwake hutoka kwa taabu, akageukia upande wa pili.

Tusekile hakumsumbua zaidi. Alijua kipindi kitarudiwa. Nyimbo za kanisani hurudiwa, mahubiri hurudiwa, hata mvua hurudia, kwa nini kipindi kizuri kisirudiwe? Atatafuta namna. Angeomba Mungu Mzee Jotham asafiri hata Mbeya siku hiyo. Jumapili iliyofuata Kasunga alikuwa Ukerewe, na iliyofuata Masasi, na Lufingo haikurudi.

Ikupa alikufa masika ya mwaka uliofuata, kwa homa iliyompanda jioni na kummaliza kabla ya jua kukaa sawa. Walikuwa njiani kwenda hospitali. Picha yake hawakuwa nayo. Mpigapicha alikuwa anakuja siku za soko, na kila siku ya soko walisema wiki ijayo, mtoto anenepe kwanza.

Msibani Tusekile alilia vizuri, kama inavyotakiwa, wanawake wamemshika mikono. Halafu machozi yakakata. Walimwambia Mungu atampa mwingine, na Mungu akampa Asifiwe, na baada ya Asifiwe wavulana wawili. Watu walimtazama Asifiwe wakasema ni Ikupa mtupu, paji la uso lile lile, na Tusekile akakubali. Alichuma chai, alipalilia migomba, alimzika mama yake na Mzee Jotham. Kote huko alishika leso machoni ili watu wasione kwamba ni pakavu. Uimbishaji aliacha. Hakuna aliyemkataza, siku moja alifungua mdomo kuanzisha wimbo, akaona ni kazi, akafunga. Kwa Enosi hakuwa na kinyongo, na Enosi hakuwa na kinyongo kwake. Walikula pamoja, walisali pamoja, na jina la yule mtoto halikupita kati yao hata mara moja.

Ila ile sentensi aliitunza. Hata Ikupa ameonekana. Haikumliza wala haikumchekesha. Alijua tu, kama mtu anavyojua ana shamba mahali, kwamba kuna mahali mwanawe yupo na anatembea.

Wiki chache baada ya kifo cha Kasunga akaja Doreen, mwandishi kutoka Dar es Salaam, msichana mwenye adabu na viatu visivyofaa kwa utelezi wa huku. Kituo kilikuwa kinaandaa kipindi cha kumkumbuka marehemu, na wanatafuta watu aliowapiga picha. Asifiwe ndiye aliyemleta, amevaa vizuri kama anayekwenda kwenye harusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ugonile, umelalaje? Kaa hapa, huko panavuja."

Doreen alikaa, akala magimbi na chai ya maziwa bila kuringa, jambo lililompandisha cheo kwa Enosi. Kisha akaeleza anachotaka: mama aseme anamkumbukaje Ezron Kasunga, na alijisikiaje aliposikia amefariki.

"Sikujisikia," alisema Tusekile.

Asifiwe akamkanyaga mguu.

"Ulimi umeteleza," Asifiwe akamwambia Doreen. "Mama ni mvumilivu sana."

"Haujateleza," alisema Tusekile. "Nitasema mnachotaka, nina cha kusema, yule alikuwa mtu. Lakini kwanza nataka nionyeshwe. Kile kipindi chetu. Nikiona nitasema."

"Mama hujawahi kukiona?"

Ikabidi waeleze habari ya Mzee Jotham na ukuta. Doreen alianza kucheka, akaona hakuna mwingine anayecheka, akaacha. Akasema ukweli, na hilo pia lilimpandisha cheo: wakati ule kanda zilikuwa ghali, kituo kilikuwa kinarekodi juu ya kanda za zamani. Juu ya ngoma wakarekodi mabunge, juu ya mabunge mpira. Vipindi vingi vya Kasunga havipo tena.

"Kuna mtoto wetu humo," alisema Enosi.

Wote wakamgeukia. Alikuwa anaangalia kikombe chake. Asifiwe alijua kuna mtoto alimtangulia, alijua kaburi lilipo, lakini baba yake kulitaja jambo hilo mbele ya mgeni hakuwahi kumsikia.

"Nitatafuta," alisema Doreen.

Alipoondoka, Tusekile akaenda kuchuma chai. Alikuwa anajua sasa kwamba pale mahali ambapo mwanawe anatembea huenda pamefunikwa na mpira, naye mikono yake ikachuma vile vile, kikapu kikajaa vile vile. Jambo hilo peke yake ndilo lililomtisha kidogo. Mtu mwenye afya angeumia.

Doreen alirudi ukungu wa Juni ulipoanza. Alipiga kwanza kwa Asifiwe, akipiga kelele za furaha: kimepatikana. Kasunga hakukiamini kituo chake. Kila kipindi alikuwa anatoa nakala kwa siri, anaficha nyumbani kabatini, na mjane wake Veronika ndiye aliyefungua kabati hilo na kumwambia Doreen achukue anachotaka ila arudishe. Vingine vimeliwa na unyevu, lakini cha Lufingo kilipona, nacho sasa kiko kwenye kompyuta yake ya kupakata.

Wakakaa sebuleni kwao: Tusekile katikati, Enosi kushoto kwake, Asifiwe nyuma amesimama na kitambaa tayari mkononi. Doreen akatega kamera yake pembeni kwenye stendi ya miguu mitatu, imewashwa, maana kazi ni kazi. Kompyuta akaiweka juu ya stuli.

Kasunga akatokea, amevaa tai na mabuti, mweusi, anang'aa. Nyuma yake ukungu unapanda. Akasema jina la kijiji, akasema majina ya wapiga ngoma, kila mmoja na aliyemfundisha, akamtaja na yule bibi. Ngoma zikaanza. Uwanjani akaingia mwanamke mwembamba mwenye shingo ndefu, anaimbisha kichwa juu, bila hofu ya mtu.

"Mama!" alisema Asifiwe, tayari analia. "Mama, ulikuwa hivi?"

Yule mwanamke hakumhusu Tusekile sana. Alikuwa anatazama pembeni, kwa wanawake waliokaa uani, anatafuta sweta jekundu. Ikupa alikuwa amevaa sweta jekundu siku ile, amenenepa mashavu, na lile paji la uso. Kamera ilipita kwa wale wanawake haraka. Watoto walikuwepo, wawili watatu, hakuna mwenye sweta. Ikarudi tena, ikapita tena. Ngoma zikaisha. Kasunga akasimama mbele ya migomba kufunga kipindi, amebeba katoto fulani kembamba, keusi kama yeye, kenye masikio makubwa na gauni la buluu linaloteleza mabegani. Kale katoto kalikuwa kameikamata tai ya mtangazaji, kanaivuta. Kasunga akasema kwamba huyu hapa ndiye mwimbishaji wa mwaka elfu mbili na ishirini, mumsubiri, na katoto kakacheka kwa sauti, mdomo wote wazi, meno manne. Picha ikakatika.

Tusekile alisubiri. Kioo kilikuwa cheusi.

"Imeisha?"

"Imeisha, mama," alisema Doreen.

"Ikupa hayumo." Alimgeukia mumewe, na sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, kama anayeulizia chumvi. "Ulisema ameonekana. Na mimi nimetazama kote. Yumo mtoto wa watu aliyebebwa na Kasunga, sijui ni wa nani, lakini Ikupa hayumo."

Enosi alimtazama mkewe, akatazama kioo, akamtazama tena, na pole pole uso wake ukabadilika kwa kuelewa kitu ambacho asingependa kukielewa.

"Mama Ikupa," alisema. Hakuwa amemwita hivyo tangu siku ya maziko. Kwa kijiji kizima alikuwa Mama Asifiwe. "Mama Ikupa, ndiye huyo."

"Yupi?"

"Huyo aliyebebwa. Ndiye."

"Alikuwa na sweta jekundu."

"Sweta lilikuwa la Asifiwe," alisema Enosi. "Na mashavu ni ya Asifiwe. Ikupa alikuwa mwembamba. Masikio alichukua kwa baba. Tulikuwa tunamcheka, hukumbuki? Tulikuwa tunasema anenepe kwanza."

Asifiwe aliacha kulia, akashika paji lake la uso kana kwamba ameambiwa amelichukua mahali.

Tusekile alikaa amenyoosha mikono magotini. Miaka yote hiyo alikuwa amembeba mtoto, anaamka naye, anaingia naye shambani, na mtoto aliyembeba hakuwa yeye. Yule mwenyewe, mwenye masikio, alikuwa amemwangusha mahali fulani njiani bila kujua, na alipomkuta sasa hivi mbele yake, anacheka, alimwita mtoto wa watu. Kitu kikamshika chini ya mbavu. Mwanzoni hakukitambua. Kisha kikapanda, na mdomo wake ukafunguka wenyewe, na sauti iliyotoka haikuwa kilio cha msibani cha kushikwa mikono, ilikuwa mbaya, ya mnyama, mpaka kuku wakaruka uani. Ilimuuma. Ilimuuma kweli, na Enosi akamshika begani.

Doreen aliyekuja kutoka Dar es Salaam kutafuta machozi alinyoosha mkono, akaizima kamera.

Walimwacha mpaka akachoka. Alijifuta uso kwa kanga, akavuta stuli karibu, goti kwa goti na kompyuta.

"Rudisha, mwanangu," alisema. "Pale alipobebwa. Simjui. Nataka nimjue."

Doreen akarudisha.